Mbwa Kapotelea Sura ya Nne: Utatuzi wa Matatizo ya Riwaya ya Mapenzi ya Krismasi

Miswada ya aina hii huanza kuingia Agosti, na ikifika Oktoba meza imejaa. Msichana anarudi nyumbani kwa sikukuu, anakutana na kijana, kuna mbwa, kuna vituko, na kabla ya mwaka mpya wamependana. Ni riwaya pendwa nyepesi, na wepesi huo ndio unaowaponza waandishi, maana ikiharibika huharibika kwa njia zilezile kila mwaka. Nimezipanga hapa kwa dalili, yaani kwa malalamiko atakayokuletea msomaji wako wa kwanza. Chini ya kila dalili kuna visababishi, kuanzia kile ninachokikuta mara nyingi zaidi. Anza na ukaguzi mwepesi. Usibomoe sura nzima kabla hujahakikisha kwamba kilichooza si aya mbili tu.

Ili tuwe na cha kushika, chukua mfano huu niliotunga. Manka, mhasibu wa Dar es Salaam, anapanda Moshi kwa Krismasi na mbwa wake wa kienyeji anayeitwa Mtajiju. Kihamba cha jirani, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, ni cha kina Elia, fundi wa umeme wa jua. Kwao Manka ni Walutheri, kwao Elia ni Wakatoliki.

Dalili: mbwa anatoweka baada ya sura ya tatu

Hii ndiyo inayoongoza. Sura ya kwanza mbwa kafanya fujo, kamba yake imewazunguka watu wawili miguuni, wakaangukiana, wakatazamana. Baada ya hapo kimya. Sura ya tisa anabweka mara moja, sura ya mwisho anatikisa mkia kwenye picha ya pamoja.

Ukaguzi: fungua faili, tafuta jina la mbwa, andika kila ukurasa anaotokea. Ukikuta pengo refu, rudi kwenye kila onyesho lililomo ndani ya pengo hilo ujibu maswali matatu. Mbwa yuko wapi sasa hivi? Nani kamlisha leo? Ana nini mdomoni? Usipoweza kujibu, msomaji naye anajiuliza, hata kama hasemi.

Kisababishi cha kwanza ni kwamba mbwa aliajiriwa kwa kazi moja, kuwakutanisha wapenzi, na kazi imekwisha. Cha pili ni kwamba mwandishi hajawahi kuishi na mbwa. Anamwona kama kochi lenye manyoya, hajui kwamba mbwa ni ratiba: chakula, kutoka nje, kulala, kubwekea kila pikipiki inayopita. Cha tatu hutokea mara chache ila ni kigumu: maonyesho yako yote yako mahali ambapo mbwa haruhusiwi. Kanisani, mgahawani, ndani ya basi. Hapo hamisha maonyesho, maana ukimwingiza mbwa kwa nguvu itaonekana.

Na hapo kwenye basi simama kidogo. Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Manka amefikaje na mbwa? Pale stendi ya Magufuli, Mbezi, tarehe 18 Desemba, watu wanagombea viti na mizigo imejaa hadi mlangoni. Konda anayekubali mbwa apande kwenye siti inabidi umwandikie sura yake peke yake. Miswada mingi inaruka safari: mbwa yuko Sinza, Dar, ukurasa unaofuata yuko mlimani. Mpe Manka lifti kwenye pikapu ya mjomba, mbwa nyuma na magunia ya mchele, na utapata kurasa kumi za vituko bila jasho: Chalinze, Korogwe, Same, kila kituo mjomba anasimama kununua kitu na mbwa anashuka nacho kingine.

Marekebisho ya kina: mpe mbwa haja yake mwenyewe. Hili ndilo jambo kubwa katika mwongozo huu wote, na dalili nyingine nyingi hupona zenyewe likisharekebishwa. Mbwa hajui kuna mapenzi. Anajua kuna mfupa. Mwandishi anayemtumia mbwa kuleta mapenzi anapata pambo. Anayemwacha mbwa ahangaikie mfupa wake, halafu mapenzi yakatokea njiani, huyo anapata riwaya.

Tazama linavyofanya kazi. Mtajiju amepewa mfupa tarehe 19 Desemba. Anataka kuufukia. Udongo laini kuliko wote uko mpakani, kwenye mstari wa masale, mimea ya majani marefu, yanayotenganisha kihamba cha kina Manka na cha kina Elia. Anang'oa masale matatu. Asubuhi wazee wawili, ambao miaka yote hawakuwa na neno, wanasimama pale kila mmoja akionyesha mpaka ulipokuwa, na vidole havikutani. Sasa Mchagga yeyote anajua kwamba sale si alama ya mpaka tu. Jani lake ndilo analobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha, na kumkatalia aliyekuja nalo ni jambo zito. Kwa hiyo Manka, aliyekuja kulala na kula mtori, anajikuta saa moja asubuhi yuko kwenye ua wa watu asiowajua vizuri, jani mkononi, kwa niaba ya mbwa. Anayefungua mlango ni Elia, mswaki mdomoni.

Mbwa hakupanga lolote kati ya hayo. Yuko nyuma ya banda anachimba tena.

Dalili: mbwa ana akili kuliko watu wote kitabuni

Anaficha simu ili wapenzi wasiachane. Anapeleka barua. Anamtazama Elia kwa macho yanayosema "mwambie unampenda". Msomaji anatabasamu mara ya kwanza, mara ya pili anaanza kupiga miayo.

Sababu ya kawaida ni ileile ya hapo juu, mbwa hana lake. Sababu nyingine ni sinema nyingi mno. Ukaguzi wake ni rahisi: kwa kila tendo la mbwa, andika pembeni sababu ya kimbwa. Harufu, njaa, woga, uchovu, wivu wa mahali pa kulala, mazoea. Kama sababu pekee unayoiona ni "anataka wapatane", futa au geuza. Anaweza kuiba simu, sawa, kwa kuwa Manka alikuwa anakula sambusa na vidole vina mafuta. Tendo ni lilelile, ila sasa linaaminika, na bado simu imepotea.

Ukitaka sauti ya mbwa kwa nafsi ya kwanza inawezekana, lakini uwe tayari kuishi na mipaka yake. Mbwa msimulizi hajui bei ya saruji wala kwamba Manka amepewa likizo isiyo na malipo.

Dalili: msomaji anauliza, "Kwa nini hawapigiani simu?"

Manka kamwona Elia amekumbatiana na msichana mwingine nje ya saluni. Anakasirika kurasa themanini. Msichana ni dada yake Elia aliyekuja kutoka Mwanza. Kila mtu kijijini anamjua isipokuwa Manka, na hakuna aliyemwambia.

Ukaguzi: mpe mmoja wa wapenzi simu yenye chaji na salio, na dakika tano za faragha. Kama baada ya hapo riwaya imekwisha, huna kizuizi. Una ucheleweshaji tu.

Visababishi:

- Kutoelewana kwa bandia, kama huko kwa dada. Ndicho cha mara nyingi, na ndicho kinachowafanya wasomaji watupe kitabu.
- Kizuizi kipo lakini ni cha nje kabisa: mama mkali, mafuriko, tajiri mwovu anayetaka kununua shamba. Wapenzi wenyewe hawana tatizo lolote, wanasubiri tu mvua ikatike.
- Wapenzi hawatofautiani. Wote wapole, wote wazuri, wote wanapenda mbwa. Wakikaa pamoja chumbani hewa haitikisiki.

Kwa riwaya nyepesi hatutafuti kizuizi kizito. Hakuna anayetaka UKIMWI wa mzazi na kesi ya mauaji kwenye kitabu chenye mbwa jaladani. Tunatafuta kitu kidogo ambacho kila upande una haki. Katika mfano wetu kimeshajitokeza: mkesha wa Krismasi wanasali wapi? Huko mlimani wamisionari waligawana maeneo zamani, kuna pande zilizojaa Walutheri na pande zilizojaa Wakatoliki, na hadi leo mtu akitaja anakotoka Machame au Kibosho wenzake wameshabashiri kanisa lake kichwani. Manka anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya utotoni mwake. Elia amemwahidi mama yake kwamba mwaka huu hatakosa misa. Hakuna aliyekosea. Simu haiwezi kulimaliza, wakipigiana ndiyo kwanza linawaka. Na Mtajiju, ambaye hajui dhehebu, atafuata harufu ya pilau popote ilipo.

Onyo: dini ikishaingia, kichekesho kiwe cha watu, kisiwe cha ibada. Kama unaandika ibada usiyoijua, muulize anayeisali. Mpe asome kurasa hizo kabla ya mhariri, na akikuambia "hatusemi hivyo", amini.

Dalili: Krismasi iko jaladani tu

Ukaguzi: badilisha neno Krismasi liwe Pasaka kitabu kizima. Kama hakuna kinachovunjika zaidi ya mstari mmoja wenye mti wa taa, sikukuu yako ni rangi ya ukutani.

Kisababishi kikuu ni theluji. Mwandishi amekulia Kariakoo lakini Krismasi yake ina bomba la moshi, soksi ukutani, sweta na chokoleti ya moto. Ukiwa Moshi theluji ipo kweli, iko juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, na asubuhi na mapema unaiona kabla mawingu hayajaifunika. Huku chini ni Desemba, jua kali mjini, matope kwenye njia za migombani kama vuli haijakatika, na mikrismasi imechanua nyekundu kando ya barabara. Huo mti jina lake tayari limekufanyia kazi, sijui kwa nini waandishi wanauruka wakakimbilia msonobari wa plastiki.

Orodhesha kile ambacho kwenu hutokea wiki hiyo tu na si wiki nyingine. Kwa Wachagga wanaorudi kutoka mijini orodha inaandikwa yenyewe: magari yenye namba mpya yakijaribu kupishana kwenye kibarabara kimoja, nyumba zinazofunguliwa mara moja kwa mwaka zikipigwa rangi, makaburi yakifyekwa majani, saluni zilizojaa hadi saa nne usiku, mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba na watoto waliokwisha kumpa jina. Pombe ya mbege, ndizi za machalari na kiburu. Halafu kikao cha ukoo, ambapo baada ya michango na mipaka ya shamba anakuja shangazi na swali lake: "Manka mwanangu, mwaka huu tena umekuja na mbwa?"

Swali hilo moja lina Krismasi, mapenzi na mbwa ndani yake. Kama sura yako ya pili haina sentensi ya namna hiyo, itafute.

Kisababishi cha pili: mwandishi yuko ughaibuni na anachanganya. Riwaya ikiwa ya London iache London, ila iandike kwa ukweli wake. Huko mwishoni mwa Desemba jua linazama karibu saa kumi jioni, na tarehe 25 treni za chini ya ardhi na mabasi hayatembei. Mpenzi anayekimbilia treni siku ya Krismasi kwenda kuomba msamaha hatafika. Atatembea kwa miguu na mbwa maili sita, na hiyo ni sura nzuri kuliko ile ya treni.

Dalili: vituko havichekeshi

Kisababishi kinachoongoza: mwandishi anacheka kwanza. Soma hiki, cha aina ninayoipokea kila msimu:

*Mtajiju alifanya kituko cha kuchekesha sana. Aliingia mezani akaiba mguu wa mbuzi, na watu wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Manka aliona aibu kubwa mbele ya Elia.*

Kila kitu kipo hapo isipokuwa kicheko. Tumeambiwa kinachekesha, tumeambiwa watu wamecheka, tumeambiwa aibu ni kubwa. Tukiondoa hukumu zote hizo na kubakiza kinachoonekana na kusikika:

*Baba mchungaji alikuwa amefumba macho, akiombea chakula. Alipofika kwa "mikono iliyokiandaa", Manka akafumbua jicho moja. Sinia lilikuwepo. Mguu wa mbuzi haukuwepo. Upande wa pili wa meza Elia naye alikuwa amefumbua jicho moja. Wakatazamana. Sala ikaendelea kwa wagonjwa, kwa wasafiri, kwa viongozi wa nchi. Nyuma ya pazia kitu kilikuwa kinatafuna kwa utulivu mkubwa.*

*"Amina!" alisema Elia, kwa sauti, kabla ya wakati wake.*

Hakuna aliyecheka ndani ya onyesho, na watu wawili sasa wana siri moja. Ukiangalia vizuri, hilo ni onyesho la mapenzi. Kwenye riwaya za aina hii kituko na mapenzi visiandikwe kwa zamu, kituko sura hii na mapenzi sura ijayo. Viandikwe kwa pigo moja.

Visababishi vingine ni vya kawaida. Kituko kinarudiwa: mbwa akiiba chakula mara ya pili, lazima safari hii kuwe na gharama mpya. Au kituko kinafafanuliwa baada ya kutokea. Futa sentensi inayofuata kichekesho, soma tena kwa sauti. Mara nyingi ndiyo iliyokuwa imekikalia.

Jina la mbwa nalo lisaidie. Manka anapomwita Mtajiju kwa sauti nje ya lango la kanisa waumini wakitoka, huhitaji kuongeza chochote.

Dalili: daktari wa mifugo akisoma, anakunja uso

Hapa punguza utani. Kosa la mapenzi litakupotezea msomaji. Kosa la mbwa linaweza kumdhuru mbwa wa mtu, kwa sababu wasomaji huiga.

Yanayojirudia, kuanzia la mara nyingi:

Chakula. Mbwa anakula keki ya Krismasi na kila mtu anafurahi. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, na zabibu kavu zilizomo kwenye keki pia. Vitunguu, vya maji na saumu, havimfai. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kumjeruhi utumbo au kumkaba. Kwa hiyo mfupa wa Mtajiju uwe mbichi, au auibe na mtu ahangaike kumnyang'anya, jambo ambalo kwa hadithi ni bora zaidi.

Hesabu ya watoto wa mbwa. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Mtajiju akimpenda jike la kina Elia tarehe 21 Desemba, hakuna watoto mkesha wa mwaka mpya. Waweke kwenye sura ya nyongeza ya Februari. Na yule mtoto wa mbwa mwenye utepe shingoni anayetolewa zawadi asubuhi ya tarehe 25 anatakiwa awe na wiki nane angalau kabla ya kutenganishwa na mama yake. Maana yake kazaliwa Oktoba, na mama yake alipandwa Agosti. Kama Elia aliamua kumpa Manka zawadi hiyo baada ya kumfahamu Desemba 20, mtoto huyo lazima awe na historia.

Fataki. Mbwa wengi huogopa milio, na usiku wa kuamkia mwaka mpya ndiyo wakati wa kukimbia na kupotea. Hii ni nafasi yako ya onyesho la kumtafuta usiku, kama bado hujalitumia.

Kung'atwa. Simama kabisa. Ninapokea maonyesho ambamo mbwa anamng'ata kijana kidogo, msichana anamfunga kidonda kwa khanga, mapenzi yanaanza. Kichaa cha mbwa kipo Afrika Mashariki, na dalili zikishaanza kwa mtu karibu kila mara ni kifo. Jeraha linaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu anaenda hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, hata kidonda kikiwa kidogo na mbwa akiwa anafahamika. Ukiandika hivyo, onyesho si jepesi tena. Usipoandika hivyo, umemfundisha msomaji vibaya. Mbwa amwangushe, amrambe, amle kiatu. Asimng'ate.

Piga simu kwa daktari wa mifugo kama kitabu chako kina ugonjwa, ajali, sumu, uzazi au dawa yoyote ya mbwa. Mpelekee kurasa husika tu, siyo kitabu kizima, na mlipe muda wake. Mwongozo huu hautoshi.

Dalili: msomaji wa pwani anafunga kitabu

Ukihamishia hadithi Tanga, Mombasa au Unguja, mbwa anabadilika uzito. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayeruka kwenye kanzu ya mtu anayekwenda kuswali si kichekesho kwa mwenye kanzu. Amemrudisha nyumbani kubadilisha.

Kosa la kawaida ni kumfanya jirani Mwislamu awe mtu wa kuchekwa au katili wa mbwa. Kumgusa mbwa ni jambo moja, kumtesa ni jingine, na wapo Waislamu wengi wanaofuga mbwa wa ulinzi. Mwandike jirani anayemtupia Mtajiju vichwa vya samaki kila jioni, kwa mbali, na kumsema kila anapomtupia. Tayari anapendeza. Kama huna uhakika na hukumu unayoigusa, muulize mtu mwenye elimu ya jambo hilo kabla ya kuchapa.

Dalili: mbwa anakufa

Mfufue.

Dalili: katikati panalegea

Chora kalenda. Krismasi ya 2026 ni Ijumaa, kwa hiyo mkesha ni Alhamisi, tarehe 26 ambayo nayo ni mapumziko ni Jumamosi, kisha Jumapili. Manka lazima awe ofisini Jumatatu tarehe 4 Januari. Kila sura iandikie tarehe. Sehemu iliyolegea karibu daima ni siku ambazo hakuna kinachokwisha muda: hakuna tiketi ya kurudi, hakuna kikao, hakuna mbuzi anayesubiri. Weka saa inayogonga, au unganisha siku tatu ziwe moja.

Dalili: mwisho ni mzuri lakini hauaminiki

Elia anapiga goti uwanjani mbele ya watu tarehe 31, pete mkononi, mbwa amefungwa utepe. Wamefahamiana siku kumi na moja. Baba yake Manka yuko wapi? Mshenga yuko wapi? Nani kaandika barua ya posa?

Wasomaji wa riwaya hizi wanadai mwisho wa furaha na wana haki nao, usiwanyime kwa kutaka uonekane mwandishi mzito. Lakini furaha haina lazima ya kuwa ndoa. Mwisho unaoaminika zaidi ni ahadi ndogo yenye gharama. Elia, ambaye kitabu kizima amesema Dar ina joto na wezi, ananunua tiketi. Shangazi anaanza kuulizia ukoo wa kijana, bila kuambiwa na mtu. Wazee wanapanda masale upya na kila mmoja anasogeza mpaka kidogo upande wa mwenzake kwa heshima, wakaanza kubishana tena. Kama ni lazima ndoa iwepo, ruka miezi uiweke mwishoni kabisa.

Kisababishi kingine cha mwisho mbaya ni kwamba kilichowatenganisha hakikushughulikiwa, kimesahauliwa. Ukaguzi: tafuta mahali ambapo suala la mkesha linaamuliwa. Kama halipo, rudi uliandike. Wanaweza kwenda kote kuwili, mkesha mmoja saa mbili usiku na mwingine usiku wa manane, wakachelewa kote kuwili.

Dalili: sura ya ishirini ina wimbo mzima

Nyimbo za Krismasi ni mtego. Wimbo wenyewe unaweza kuwa wa karne zilizopita huku tafsiri ya Kiswahili au mpangilio unaounukuu ukiwa na mwenyewe. Wimbo wa msanii wa sasa una mwenyewe bila shaka. Taja kwamba kwaya iliimba, eleza sauti ya pili ilivyopotea njia, achana na mashairi. Ukiona huwezi kuishi bila mistari hiyo, usikisie: wasiliana na mwenye haki au ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya, au mwanasheria wa hakimiliki, kabla kitabu hakijaenda kiwandani.

Dalili: umerekebisha yote, bado hakikai sawa

Acha kugusa. Mwandishi anayerekebisha rasimu ileile mfululizo hufika mahali anaharibu vilivyokuwa vizima, na dalili yake ni kwamba kila toleo jipya ni refu kuliko lililopita. Dalili nyingine ni kwamba umeongeza mbwa wa pili.

Huo ndio wakati wa mhariri. Mpelekee muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema hadithi yote mpaka mwisho, bila kuficha nani anampata nani. Mpelekee sura tatu za kwanza, ile kalenda, na ile orodha ya kurasa anazotokea mbwa. Mwambie dalili, usimwambie dawa: "wasomaji wangu wanachoka sura ya kumi" itamsaidia kuliko "nadhani niongeze ajali". Mhariri mzuri ataanza kwa kuuliza mbwa anataka nini.

Na angalia tarehe. Kitabu cha Krismasi kinatakiwa kiwe mikononi mwa wasomaji Novemba, kabla nauli hazijameza hela zao. Kama unasoma haya Desemba na rasimu bado inavuja, kitoe kwa vipande vifupi kwa wasomaji wako wa simu hadi tarehe 24 uone wanachoka wapi, au kifungie kabatini hadi Februari.